Shimo Halijai, Kisima Hakipungui

Nchi inayosimuliwa hapa haipo, na haijawahi kuwapo. Kama wewe msomaji umewahi kuishi humo, basi ulipotea njia, na ni vizuri ukanyamaza.

Katika nchi hiyo kila kitu kilikuwa kimekamilika. Palikuwa na wizara nzima ya shughuli hiyo, Wizara ya Mambo Yaliyokamilika, yenye jengo la ghorofa kumi na moja na lifti iliyofika ya nne. Zamani ilikuwapo pia Wizara ya Mambo Yasiyokamilika, lakini ilifutwa baada ya kuonekana haina kazi. Na ili wananchi wasibabaike, ikatungwa Sheria ya Uzinduzi, sheria fupi ambayo hata watoto wa chekechea waliikariri. Kifungu cha kwanza: kitu kilichozinduliwa ni kizima. Kifungu cha pili: anayesema si kizima, achunguzwe yeye.

Bi Zaituni, mkunga wa zahanati ya Shukuruni, naye aliikariri. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na nane, mnene wa mikono, mchache wa maneno, na nusu ya kijiji ilikuwa imeingia duniani kupitia mikono hiyo. Hakuwa mtu wa siasa. Wakati huo alikuwa na jambo moja tu moyoni. Binti yake wa pekee, Asumini, mimba nne zilikwisha kumharibikia. Sasa alikuwa amebeba ya tano, imefika mwezi wa saba, naye amerudi kwa mama yake kujifungua kama ilivyo desturi. Bi Zaituni alitaka mtoto huyo azaliwe akilia. Hakuomba kingine kwa Mungu wala kwa serikali.

Serikali, kwa upande wake, ilimpa choo.

Ilikuwa imeona si haki akina mama wa zama hizi wachuchumae kwenye shimo la nje lenye mlango wa gunia. Kikaletwa choo cha kisasa cha kukaa, cheupe pe, chenye tangi la maji mgongoni na mpini wa kuvutia. Mkandarasi alikuwa amepewa siku arobaini. Thelathini na nane alizitumia kujenga jukwaa la wageni, kupaka chokaa mawe ya barabarani na kupanda maua ambayo mke wa Waziri alisemekana kuyapenda. Choo kikabakiwa na siku mbili, na siku ya pili yenyewe ilikuwa ndiyo ya sherehe.

Akaja Waziri wa Mambo Yaliyokamilika, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Polikarpi Ngwenje, na msafara wa magari kumi na tisa. Bi Zaituni alipewa heshima ya kushika sinia lenye mkasi. Alisimama nalo juani kwa saa tatu.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Mheshimiwa. "Yapo mataifa yenye mabomu lakini hayana faragha! Leo tumeizika historia ya kuchuchumaa. Kuanzia leo mwananchi wa Shukuruni ataketi. Aliyeketi hufikiri, na anayefikiri huishukuru serikali yake!"

Akakata utepe, akaingia, akavuta mpini. Kipaza sauti kilikuwa kimewekwa ndani ya sinki la choo ili hata waliosimama mbali wasikie. Maji yakanguruma, yakazunguka, yakateremka na kwenda zake.

"Imevuta?" Mheshimiwa aliuliza umati.

"Imevutaaa!"

Kwaya ikaingia na wimbo uliotungwa kwa ajili ya siku hiyo. Likawekwa rasmi, nyuma ya choo, jiwe la uzinduzi la marumaru nyeusi, lenye jina la Mheshimiwa kwa herufi za dhahabu pamoja na shahada zake zote, hata zile ambazo bado hajazisomea. Jiwe hilo lilipangiwa kukaa mbele, lakini mbele palikuwa na maua. Nyuma mafundi walikuta mfuniko wa zege ardhini, tambarare na imara, wakaona Mungu ni mwema, wakalijengea jiwe papo hapo. Mfuniko wenyewe ulikuwa wa chemba, ile sehemu ambayo fundi huifungua akitaka kuona maji machafu yanaelekea wapi. Lakini nani angetaka kuona hayo?

*

Mwezi wa kwanza ulipita kwa furaha. Mwezi wa pili, Afisa Mtendaji wa kata, Bwana Sefu Mandoa, alikwenda kukagua shimo la maji taka na kukuta ni kavu kama kikaango. Akainama, akanusa. Hapakuwa na harufu. Watu sitini walikuwa wakikitumia choo kile kila siku na shimo halina hata unyevu!

Bwana Sefu akachungulia na kisima cha saruji kilichovuna maji ya mvua chini ya ua wa zahanati, ambacho kijiji kizima kilichota kwenye bomba lake, maana mto ulikuwa mwendo wa saa nzima. Kiangazi kilikuwa kimekaza, lakini kisima kilikuwa kimejaa. Akaandika taarifa. Baada ya wiki mbili gazeti la serikali likatoka na kichwa cha habari kilichoshika ukurasa mzima: SHIMO HALIJAI, KISIMA HAKIPUNGUI. Wakaja wajumbe wa wilaya nyingine kujifunza. Walipiga picha na shimo, wakanywa maji waliyokuja nayo, wakaondoka.

Bi Zaituni alifurahi pamoja na wenzake, kwa kuwa ilikuwa lazima. Lakini mkunga ana pua. Maji ya bomba yalikuwa na ladha asiyoipenda, na wagonjwa wa kuhara walikuwa wakiongezeka kwenye daftari lake. Akaanza kuyachemsha maji ya Asumini, akiyachemsha mara mbili, huku akijiambia ni wasiwasi wa uzee. Wiki ya tatu ya mwezi huo alikufa mtoto wa jirani yake, msichana wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa amejifunza kutamka jina la mbuzi wao. Wiki ya nne wakafa mapacha wa mwalimu. Bi Zaituni ndiye aliyewapokea wote watatu walipozaliwa. Aliwaosha kwa mikono ileile, na aliporudi nyumbani alishindwa kula.

Siku ya tatu baada ya mazishi ya mapacha alikuja zahanati Fundi Kasiani, fundi bomba aliyekuwa kibarua wa mkandarasi, akiwa amembeba mkewe mgongoni. Mwanamke alikuwa amekauka midomo. Bi Zaituni alimtundikia dripu, na alipogeuka akamkuta fundi amepiga magoti sakafuni, mtu mzima na ndevu zake.

"Bi Mkunga, ni mimi," alisema. "Nimewaua mimi."

"Inuka, Kasiani. Umekunywa nini?"

"Sijanywa. Mabomba yalikuwa mawili, Bi Mkunga. Yamelala kwenye mtaro mmoja, rangi moja, unene mmoja. Moja la shimoni, moja la kupeleka maji ya mvua kisimani. Nina gundi mkononi, mkandarasi kasimama kichwani kwangu, ananiambia msafara umefika njia panda, unganisha! Nikaunganisha lililokuwa karibu." Akafuta pua kwa kiganja. "Walipovuta siku ile, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta. Niliyasikia maji yanakwenda siko. Nikamwambia mkandarasi. Akaniuliza, 'Imevuta?' Nikasema imevuta. Akasema, 'Basi.'"

Bi Zaituni alikwenda kwenye kabati la dawa, akatoa chupa ya dawa ya zambarau wanayopakwa watoto vidonda vya mdomoni, akaenda nayo chooni, akaimimina yote na kuvuta mpini. Kisha akatoka uani akafungua bomba na kungoja. Ilipita nusu saa. Maji yakatoka meupe, yakatoka meupe, halafu yakatoka zambarau.

Hapo akaelewa kwa nini kisima hakipungui. Kijiji kilikuwa kikinywa kile kilekile, kikirudisha, kikinywa tena.

*

Alijaza glasi maji yale ya zambarau, akaenda nayo hadi ofisi ya kata. Bwana Sefu aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku kwa uangalifu mkubwa.

"Rangi nzuri," alisema. "Lakini ni ya chama gani?"

"Bwana Mtendaji, choo kinaingia kisimani. Tunakunywa mavi."

Bwana Sefu aliinuka haraka, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Bi Zaituni, dada yangu, tumetoka mbali mimi na wewe. Wanangu wote umewapokea wewe. Sasa nisaidie nami nikusaidie. Choo kile kimezinduliwa?"

"Kimezinduliwa."

"Kifungu cha kwanza kinasemaje?"

"Bwana Mtendaji, watoto watatu—"

"Watoto hawakuzinduliwa," alisema Bwana Sefu kwa upole wa kweli. "Watoto wanaweza kuharibika. Choo hakiwezi."

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya, na machozi ya mkunga yalimgusa. Aliunda kamati ya watu saba. Wajumbe walifika zahanati na kofia za njano, wakajipanga mstari mlangoni mwa choo. Kila mmoja aliingia kwa zamu, akavuta mpini, akasikiliza, akatoka na kuandika kwenye fomu. Saba kwa saba waliandika neno moja: imevuta. Bi Zaituni alipowaomba walau waliondoe lile jiwe wafungue chemba, mwenyekiti alimweleza kwamba jiwe la uzinduzi huondolewa na aliyeliweka, kwa barua ya wizara. Nayo wizara hushughulika na mambo yaliyokamilika. Kuondoa jiwe ni kuanza jambo, na jambo lililoanza halijakamilika.

"Peleka ombi kwenye ile wizara nyingine," alimshauri.

"Ile iliyofutwa?"

"Hiyohiyo."

Zilipita siku kumi, mkunga akiwanong'oneza watu wachemshe maji na wengi wakiogopa hata kumsikiliza. Makaburi yakafika tisa. La sita lilikuwa la mke wa Fundi Kasiani. Mimba ya Asumini iliingia mwezi wa tisa, ikatulia vizuri, na mtoto akageuka kichwa chini kama inavyotakiwa. Kila jioni Bi Zaituni alimpapasa binti yake tumbo na kuhesabu mapigo. Siku moja, mikono yake ikiwa juu ya tumbo hilo, likamjia wazo. Lilikuwa wazo zuri sana, na ndilo lililowaponza.

Aliwaza hivi: kama Mheshimiwa hawezi kuitwa aje kuondoa, si anaweza kuitwa aje kuzindua? Maji ya bomba lile hayajawahi kuzinduliwa. Anayezindua maji huyanywa. Akiyanywa atayaonja. Akiyaonja, hata kama ana shahada kumi, ulimi si ni wa nyama?

Akaandika barua kwa mwandiko wake mzuri wa zahanati, akiomba kwa unyenyekevu kwamba Mheshimiwa aje kuzindua maji ya kisima kisichopungua. Jibu lilirudi baada ya siku tatu. Katika nchi ile hapakuwahi kuonekana barua iliyojibiwa upesi kiasi hicho.

*

Likapakwa chokaa kila jiwe, kwaya ikaitwa, jukwaa likasimikwa. Bi Zaituni alimkataza Asumini kutoka nyumbani, lakini Bwana Sefu alikuwa amekwisha kumpangia kazi. Itifaki ilitaka mama mjamzito mmoja awe mbele, aliye nadhifu, na kijijini hapakuwa na mwingine aliyekuwa na nguvu za kusimama.

Mheshimiwa alihutubia dakika tisini. Alisema maji ni uhai, na uhai ni serikali, kwa hiyo kila mwenye akili ajumlishe. Kisha akanyoosha mkono. Bi Zaituni alisogea ili amwone vizuri usoni atakapoonja. Hapo akatokea mhudumu wa itifaki aliyevaa glavu nyeupe, akitokea upande wa magari, na glasi imejaa tayari. Ndani ya glasi vilielea vipande vitatu vya barafu.

Shukuruni hapakuwa na friji hata moja.

Mheshimiwa akanywa mpaka tone la mwisho, akajifuta midomo, akafumba macho.

"Matamu!" alisema. "Nayazindua!"

Umati ukapiga makofi. Dakika moja iliyopita maji yale yalikuwa maji mabaya tu. Sasa yalikuwa mazima kwa mujibu wa sheria. Mlango wa mwisho uliokuwa wazi aliufunga Bi Zaituni mwenyewe, kwa barua ya mwandiko mzuri.

"Na sasa," Mheshimiwa aliendelea, "kizazi kijacho kinywe!"

Glasi ya pili ilijazwa bombani, mbele ya kamera, ikawekwa mkononi mwa Asumini. Asumini alijua kila kitu. Aliishika glasi kwa mikono miwili, akamtazama mama yake. Alimtazama kama alivyomtazama alipokuwa mdogo akingoja kuambiwa kama sindano itauma. Askari wawili walisogea hatua moja, maana kukataa kilichozinduliwa, hadharani, kulikuwa kosa la kifungu cha pili.

Bi Zaituni akaichukua glasi.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Kwetu chochote kinachoingia kinywani mwa mwenye mimba, mkunga hukionja kwanza. Ni mila."

Haikuwa mila ya mtu yeyote. Lakini Mheshimiwa alipenda mila, hasa zikiwa na kamera. Bi Zaituni akainywa glasi yote.

"Safi kabisa! Mjazieni binti!"

Ikajazwa. Bi Zaituni akaipokea tena. "Na ya pili huonja mkunga," alisema, akainywa.

"Na ya tatu?" aliuliza Mheshimiwa akicheka.

"Na ya tatu, Mheshimiwa."

Umati ulianza kuhesabu kwa sauti, kwanza kwa kucheka, halafu bila kucheka. Nne. Tano. Waliokuwa wamezika walishusha vichwa. Alipoimaliza ya sita, mtu wa itifaki alitazama saa, akamnong'oneza Mheshimiwa kwamba kuna daraja linangoja kuzinduliwa kabla ya saa kumi. Msafara ukaondoka. Vumbi lilipotua, Bi Zaituni alikuwa bado ameshika glasi tupu, na Asumini ameshika mkono wake mwingine.

*

Jioni ile ulisomwa waraka uliokataza kuchemsha maji ya Shukuruni, kwa kuwa kuyachemsha ni kuyatuhumu.

Kufika asubuhi Bi Zaituni alikuwa amelala kwenye kitanda kilekile alichokuwa akizalishia. Siku ya pili macho yalimzama. Alimwomba Asumini ampe kadi yake ya kliniki ya wajawazito na kalamu.

"Usinywe hapa, na usizalie hapa," alisema. "Maji teka mtoni."

"Watanikamata, mama. Mtu akionekana na ndoo njiani wanamuuliza kulikoni."

"Sema unatembea. Mwenye mimba hushauriwa kutembea." Akaandika kwenye kadi: *Atembee kila siku hadi mtoni. Abebe kitu kizito kidogo, kwa mazoezi.* Akatia sahihi, akapiga muhuri wa zahanati. "Muhuri wanauheshimu," alisema.

"Nisamehe, mama. Ningeinywa mimi."

"Unisamehe wewe. Mimi ndiye niliyemwita."

Alifariki siku ya tatu, saa sita mchana. Cheti kiliandikwa kwamba chanzo cha kifo ni furaha iliyozidi kiwango. Siku ya mazishi Fundi Kasiani alikwenda nyuma ya choo na nyundo na tindo, akalipiga jiwe la uzinduzi mara mbili. Hakuwahi ya tatu. Alishtakiwa kwa kosa la kufungua kilichokwisha kufunguliwa rasmi, na habari zake tangu hapo hazijulikani, kwa hiyo bila shaka ni njema.

Serikali haisahau watu wake. Ilimletea Bi Zaituni jiwe lake mwenyewe, marumaru nyeusi, herufi za dhahabu: HAPA ALIKATA KIU BI ZAITUNI, MWANANCHI WA KWANZA KUNYWA MAJI YALIYOZINDULIWA. Walitafuta mahali tambarare na imara pa kulisimika, wakaona mfuniko wa kisima unafaa sana. Chini yake ndipo palipokuwa na tundu pekee lililobaki ambalo mtu angeweza kuchungulia ndani.

Asumini alijifungua ng'ambo ya mto, kwenye nyumba ya mwanamke asiyemjua aliyemwona ameinama njiani kwa uchungu. Mtoto alikuwa wa kike, naye alilia. Alilia sana, mpaka mwenye nyumba akauliza kama ana tatizo, na Asumini akasema hapana, mwache, ndivyo bibi yake alivyotaka.

Siku ya arobaini alirudi Shukuruni na mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Mlinzi wa njiani alimuuliza anatoka wapi. Akatoa kadi yenye muhuri. Kesho yake alikwenda tena. Keshokutwa yake mke wa mwalimu, mama wa wale mapacha, alimfuata akiwa na ndoo, naye alisema anatembea. Kisha wakafuata wengine, wanawake kwa wanaume, kila alfajiri, mstari mrefu wa watu wanaotembea na vitu vizito kidogo. Majani yakakanyagika, pakawa njia, nayo njia ikapanuka. Makaburi yakaacha kuongezeka. Taarifa ya robo mwaka ikaandika kwamba wananchi wa Shukuruni wamehamasika mno kufanya mazoezi ya viungo, na pale pa choo ikaandika: imevuta.

Wiki iliyopita Bwana Sefu alipita nyumba kwa nyumba na tangazo, akitabasamu. Wizara imeisikia sifa ya njia ile. Mheshimiwa anakuja Jumamosi kuizindua, na mkandarasi, yuleyule wa choo, ameanza kuleta mawe.

Asumini alilisikiliza tangazo hadi mwisho, akashukuru kama inavyopasa. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akachukua ndoo, akatokea mlango wa nyuma na kuingia porini kutafuta njia nyingine.